Siku ya Wanaume mtaani, tufanye nini ndio wanaume wenyewe waje?

Baba Mapacha, Kayole:
Wadau habari zenu. Tuko kamati ya watu saba huku mtaani na tunataka kufanya kitu ya Siku ya Wanaume, 19 Novemba. Mwaka jana tulijaribu tukaaibika, tulikodisha tenti na viti mia moja, tukaita MC, akakuja mwanasiasa mmoja akaongea saa nzima vile mtoto wa kiume amesahaulika, alafu akatoka na nusu ya wasee wakamfuata hadi kwa gari. Tukabaki na wamama wa chama na watoto waliokujia soda. Mtu wa ushauri nasaha tulimweka kwa kona na bango lake, aliyeingia ni mmoja na nadhani alikuwa anatafuta choo.
Sitaki ikuwe siku ya kulalamikia wanawake, hiyo tumesikia kwa redio ya kutosha. Nataka tushangilie wababa wenye wanalea, wale hubeba mtoto kliniki bila kuona haya, na afya pia iangaliwe. Tuko na elfu ishirini na tano. Kwenu mnafanyaje?

Kinyozi wa Umoja:
Tenti ndio iliwaua buda. Tenti ni ya matanga na kura.
Mimi kuna Jumamosi nesi jirani alikaa hapa kwangu na mashine ya presha. Fundi mmoja wa kuchomelea, nimemnyoa upande mmoja, kitambaa bado shingoni, ikasoma 168/104. Akasema mashine imeharibika, ati nipimwe mimi. Yangu 118/76. Akanyamaza mpaka nikamaliza ndevu, akalipa, akafika mlangoni akarudi kuuliza kama hiyo dawa ni ya kumeza maisha yote. Mimi ni kinyozi tu, nikamwelekeza kwa nesi. Walikaa hapo nje karibu saa moja, na sio presha pekee walikuwa wanaongea.

Mwalimu Mstaafu:
Baba Mapacha, fanyeni mpira. Hii siku ilianzishwa 1999 na Jerome Teelucksingh, mwalimu wa historia huko Trinidad na Tobago. Alichagua 19 Novemba kwa sababu ni siku ya kuzaliwa ya baba yake, na pia ndiyo siku timu yao ilicheza na Marekani mwaka 1989 kutafuta Kombe la Dunia. Walihitaji sare tu, wakafungwa 1-0 nyumbani. Mashabiki hawakuvunja kitu, hadi FIFA ikawapa tuzo. Sasa wababa wacheze na vijana wao, presha ipimwe haftaimu.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Mwalimu shikamoo, lakini haftaimu hapana, mtu amekimbia hivyo itasoma uongo! Wapimwe kabla ya mechi, mtu akae dakika tano ameegemea, asiongee, na nusu saa kabla asivute sigara wala kunywa kahawa. Ikisoma 140/90 ama zaidi msimtishe, arudie siku ingine. Ya tezi dume mnaogopa kidole, najua, kumbe kuna kipimo cha PSA cha hiyo tezi, ni damu ya mkono tu, na ikipanda si lazima iwe saratani. Lakini msipange vijana wa miaka ishirini kwa hiyo laini, ni kuharibu pesa. Wakina hamsini kwenda juu waongee na daktari, na mapema kidogo kama baba ama ndugu yake alikuwa nayo.

Msee wa Stage:
Nasema kidogo tu. 2023 kazi iliisha, nikafika mahali sikutaka kuishi. Sikuambia mtu, nilijua kujaribu kujiua ni kesi, kifungu 226, unaweza fungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinapingana na Katiba. Wasee wengi base hawajui, tangazeni kabla ya muziki. Mimi ushauri nasaha nilienda baadaye na ulinisaidia, lakini wa kwanza alikuwa jamaa wa boda alinipigia ati kuja tuoshe pikipiki. Tuliosha moja masaa mawili. Ilikuwa safi tangu dakika ya kumi.

Baba Mapacha, Kayole:
@Msee wa Stage asante ndugu, nimekuandikia inbox. Tenti tumefuta. Mpira Jumapili, presha asubuhi kwa kinyozi, na mtu wa ushauri tutampea jezi acheze namba tatu. Nani ako na neti za goli za kuazima?