Mdogo wangu kashushwa kwenye basi eti ni Mhabeshi, kisa kaongea Kiburunge na mama. Huu ndio usalama wa taifa?

Wakuu, salamu zitafuata baadaye. Nimekaa na hili jambo wiki nzima nikijiambia litapoa, halijapoa, ndiyo kwanza linachemka. Nitaandika marefu. Mwenye haraka zake apite.

Kwetu ni Goima, wilaya ya Chemba. Sisi ni Waburunge. Najua wengi mnaosoma hapa ndiyo mnalisikia leo hilo kabila, na balaa lote lilianzia hapohapo. Kiburunge si lugha ya Kibantu. Ni ya Kikushi, ukoo mmoja na Kiiraqw cha Mbulu na Kialagwa cha Kondoa, na ukipanda juu sana huko unakutana na undugu na Kisomali na Kioromo. Waliosomea mambo haya wanasema Wakushi walizifikia nyanda hizi kabla ya Wabantu. Yaani kama ni kudaiana karatasi hapa katikati ya nchi, sisi tungeanza na nyinyi.

Mdogo wangu anapaka rangi nyumba Arusha. Mama anasumbuliwa na macho, dogo akapanda basi la kuja Dodoma ili ashukie Chemba amwone. Wameshapita Babati, mama kapiga simu. Mama yangu Kiswahili chake ni cha sokoni: bei gani, punguza, asante. Mazungumzo ya mtoto wake anayafanya kwa lugha yake. Basi likasimama kwenye kizuizi, akapanda mmoja mwenye sare. Idara siitaji, kizuizi siitaji, nisije nikatafutwa na mimi. Akaja kusimama pembeni ya kiti cha dogo, anamsikiliza.

"Kata simu. Hiyo lugha gani?"

"Kiburunge, afande."

"Kiburunge ndiyo nini? Shuka wewe Mhabeshi."

Dogo ni mrefu, mwembamba, pua imesimama. Akatoa kadi ya mpigakura. Akajibiwa hizo hata wageni wanazo. Akataja namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, anayo tangu laini zilipokuwa zinasajiliwa kwa alama za vidole, ila kadi yenyewe hajawahi kuitia machoni. Akaambiwa namba siyo kadi. Haya, imba wimbo wa taifa. Basi zima limegeuka linamtazama mtu mzima wa miaka 27 amesimama mlangoni anaimba. Ubeti wa kwanza kaumaliza vizuri, wa pili kakwama. Jamani, nendeni pale bungeni mkawasimamishe mmojammoja bila kipaza sauti kuwafunika, mniletee idadi ya watakaomaliza ubeti wa pili.

Konda alijitahidi, Mungu ampe maisha marefu. "Afande huyu wa kwetu, namfahamu." Akaambiwa anyamaze kama hataki kubaki naye. Basi lina ratiba, likaondoka. Dogo alimpigia konda kelele namba yangu, na ndivyo nilivyojua. Simu yake ilishachukuliwa.

Mimi nakaa Chang'ombe hapa Dodoma, ni wakala wa miamala ya simu pale Majengo. Nikafunga kibanda. Siku ya kwanza yote imeishia kijijini, boda kutoka lami hadi ndani kumtafuta mtendaji, mtendaji yuko shambani, mhuri uko nyumbani kwake, kidau cha wino kimekauka. Barua ya utambulisho imepatikana giza limeingia. Kesho yake nikafika nilikoelekezwa na barua yangu, na cheti cha dogo cha darasa la saba, na picha ya kipaimara. Nikaambiwa mwenye jalada hayupo. Nikalala gesti. Siku ya tatu mwenye jalada kafika, kaisoma barua kwa sekunde tano, akauliza kama nimekuja na "hela ya karatasi". Ilikuwa 70,000. Sikupewa risiti, sikupewa pole, dogo hakurudishiwa mkanda wake.

Sasa hili lingine ndilo linaninyima usingizi. Kwenye kile chumba dogo alikaa na Wahabeshi wa kweli. Vijana watano. Mdogo kuliko wote sidhani kama ana miaka 16. Wamevuliwa kamba za viatu, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Niliingiza mkate na maji kwa ajili ya dogo, akaugawa vipande sita mbele yangu. Yule mtoto akanionyesha vidole vinne kisha akalaza kichwa juu ya kiganja. Sijui alimaanisha wamelala njiani siku nne, au kuna wanne hawakuamka. Nikamuuliza aliyekuwa zamu: aliyewaleta yuko wapi? Akacheka. "Dereva alikimbilia porini."

Hivi wakuu, mmewahi kusoma taarifa moja tu ya lori la wahamiaji ambapo dereva HAKUKIMBILIA porini? Pori gani hili linalomeza madereva kila mwezi na halijashiba?

Tusisahau Kongwa. Juni 2012, kijiji cha Chitego, hapahapa mkoani kwetu, ilikutwa miili ya wahamiaji zaidi ya 40, wengi wao Wahabeshi, imetupwa porini. Walikosa hewa ndani ya lori lililobeba watu zaidi ya 100. Lori lile halikudondoka na mvua. Lilivuka mpaka wa kaskazini, likakatiza wilaya baada ya wilaya, likapita vizuizi kama hivi ambavyo leo vinamshusha Mburunge kwa sababu ya pua. Machi 2020 yakatokea kwa majirani, Tete, Msumbiji, miili 64 ndani ya kontena. Njia ni ileile, watu watoke Ethiopia wateremke hadi Afrika Kusini, na kipande cha Tanzania kinapita mlangoni kwetu. Tangu lami ya Babati hadi Dodoma ifunguliwe 2018 safari imekuwa nyepesi zaidi. Nyepesi kwa nyanya na vitunguu, nyepesi pia kwa biashara ya watu.

Na kwenye kukamata tunakamata, sibishi. Januari 2021 Rais Magufuli alikubali kuwaachia Wahabeshi 1,789 waliokuwa wamejaa magerezani kwetu kwa kosa la kuingia bila kibali. 1,789! Tumewalisha, tumewalinda, tumewatibu kwa kodi zetu. Sasa naomba mwenye orodha ya wenye malori, wenye nyumba za kuwaficha na mawakala waliofungwa kwa hao 1,789 anitumie. Sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu tunayo tangu 2008. Mpaka sasa ninayoyaona ni viatu visivyo na kamba.

Najua kuna watu wameshaanza kuandika "usalama kwanza, nchi imezungukwa na mataifa manane". Tulieni. Nami nautaka usalama kuliko nyinyi, mimi ndiye nakaa na hela za watu kwenye kibanda cha bati. Kijiji cha Kitaya kule Mtwara kilivamiwa na magaidi Oktoba 2020 kutoka ng'ambo ya Ruvuma, watu wakafa, si hadithi. Lakini niambieni, wale wavamizi walilazimika kupanda basi la Arusha? Na lile bomu la ubalozi wa Marekani pale Dar, 7 Agosti 1998, waliokufa ni 11. Miongoni mwa waliokuja kuhukumiwa New York walikuwamo Watanzania. Watanzania kabisa, wa kuzaliwa, ambao wimbo wa taifa wangeuimba bila kukwama. Muuaji hapimwi kwa lafudhi wala kwa urefu wa shingo. Anapatikana kwa kufuatilia hela, simu na safari za watu, kazi inayotaka akili na haina posho ya barabarani.

Halafu tusijifanye hili la uraia limeanza juzi. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu (Jenerali ni jina, si cheo), mtu aliyekuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa si raia. Mwandishi, mkosoaji, ghafla mgeni! Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu kule Kagera, Kigoma na Geita, na malalamiko yakawa tele kwamba wamo Watanzania waliosukumwa kuvuka mpaka. Nawaambia ukweli wangu, mwaka ule mimi nilishangilia. Nilisema waondoke tu. Kagera ilikuwa mbali, nikaona mambo ya mpakani ni ya watu wa mpakani. Sikujua mpaka unaweza kuhamishwa ukaletwa mpaka kiti namba 32.

Na kwamba kuhakiki watu kwa utu kunawezekana, inawezekana. Wakimbizi wa Burundi wa 1972, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 walipewa uraia wetu 2014. Ilichukua miaka, watu walikaa mezani wakajaza fomu, wakachunguzwa. Hakuna aliyepewa wala kunyimwa uraia kwa kuimbishwa mlangoni mwa basi. Uwezo upo.

Januari 2020 Trump alipotufungia zile viza za bahati nasibu za kwenda Marekani akisema taarifa zetu za kuwatambua watu haziridhishi, mnakumbuka tulivyotukana? Ubaguzi, dharau, wazungu hivi, wazungu vile. Mimi mwenyewe nilitukana. Leo nikimkumbuka afande wa kwenye basi namwona kama mtoto wa dada yake Trump.

Nirudi kwa dogo, maana halijaisha. Tumetoka pale tukasema basi, tufuatilie kadi yenyewe ya NIDA itoke. Ofisi moja wilayani, sitaitaja. Dada wa mezani, mpole tu, kucha nzuri, anasema kwenye mfumo kuna "alama". Kwa hiyo tulete cheti cha kuzaliwa cha baba. Baba kafariki 2006, hakuwahi kuwa nacho. Basi leteni cha babu.

CHA BABU.

Babu yangu alizaliwa wakati wa Mjerumani. Ile njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoanza vita vya kwanza vya dunia vikielekea mwisho, ilimkuta mtoto wa kubebwa mgongoni. Nani alikuwa anagawa vyeti Goima? Sensa ya 2012 ilikuta watoto wa chini ya miaka mitano wenye cheti cha kuzaliwa hawafiki hata asilimia 15 nchi nzima, mtoto wa jana huyo, na hospitali ipo, na kompyuta ipo. Tarehe 9 Desemba 1961 aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja kazaliwa Tanganyika, aliamka raia bila kujaza fomu yoyote. Babu aliamka raia akaenda kuchunga.

Karatasi pekee ya babu tuliyonayo ni kadi yake ya TANU. Mama huihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Kunjo la katikati limeachia kabisa, wino umegeuka wa kahawia, jina linasomeka ukiinamisha kwenye mwanga. Nikaiweka mezani kwa vidole viwili kama yai. Yule dada akaitazama, akatabasamu, akasema, "Hii ni nzuri mama, ipelekeni makumbusho."

Julai 2025 serikali ilipowapiga marufuku wageni kufanya zile biashara 15, uwakala wa miamala ukiwamo, kwenye kijiwe chetu pale Majengo tulinunuliana soda. Sasa hivi nalala najiuliza siku wakipita kukagua, nikaambiwa nithibitishe mimi si mgeni, nitatoa nini? Dogo ni tumbo moja na mimi. Kama yeye ana "alama", mimi nina nini?

Kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnisaidie, na matusi ya kisiasa mniwekee pembeni. Kiapo cha mahakamani cha mama kuhusu baba wa mumewe kinapokelewa au ni kupoteza hela? Wazee wa kijiji wakija kutoa ushahidi wanasikilizwa wangapi? Na kuna mtu humu, Mburunge, Mualagwa, Mmang'ati, Msandawe, aliyewahi kuondolewa hiyo "alama", alianzia dirisha gani?

Dogo anarudi kazini keshokutwa alfajiri, bosi wake kashachoka kusubiri. Nimemnunulia faili la plastiki, tumeweka barua ya mtendaji, kadi ya mpigakura, cheti cha darasa la saba na nakala ya kadi ya babu. Ubeti wa pili kaukariri, nimemsikiliza mwenyewe jana usiku. Kilichobaki ni mama. Tumemwomba asipige simu mpaka dogo afike Arusha. Ameuliza kwa nini, na sote wawili hatukupata la kumjibu kwa Kiburunge.