Tupeane uzoefu: Kabla ya kulipia nyumba, mlikagua karatasi zipi?

Wakuu, natafuta nyumba ya kuhamia hapa Dar. Kila dalali anasema "nyaraka zote zipo", ukimbana anatoa karatasi ya serikali ya mtaa. Mlionunua tayari, tuelezeni mlionyeshwa nini na mkahakiki wapi.

Mdau, Tabata
Yangu ilikuwa nyumba ya mirathi. Ndugu wanne wamekubaliana kuuza, muhtasari wa kikao cha ukoo una sahihi mpaka za mashangazi. Wakili wangu akausoma, akauliza, "Fomu namba 4 iko wapi?" Hiyo ndiyo mahakama ya mwanzo inampa msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, mamlaka ya kuuza yanatoka mahakamani. Hawakuwa nayo. Ikabidi wafungue shauri, tangazo likabandikwa, na hapo ndipo akajitokeza mtoto wa mama mwingine kutoka Morogoro ambaye hakuna aliyewahi kunitajia. Fikirieni angetokea nimeshahamia! Wakamuingiza kwenye mgawo, msimamizi akasaini mkataba, ndipo nikatoa hela.

Mdau, Kinyerezi
Mimi nilipewa kopi ya hati, nikaambiwa halisi iko kwa kaka yake mkoani. Nikafanya upekuzi, yaani kuomba kumbukumbu rasmi za nyumba, kwa Msajili wa Hati: nyumba ina rehani ya benki. Tukaachana hapo hapo. Upekuzi gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya nyumba, usikubali kuharakishwa. Angalieni na muda pia. Hati ya miaka 33 inahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa ndani yake, kwa hiyo unaweza kukuta umebakiziwa michache.

Mdau, Mbagala
Huku kwetu wengi tuna leseni ya makazi. Ni karatasi halali, ila ni ya muda mfupi na inahuishwa, msiuziwe kwa bei ya nyumba yenye hati. Na ile asilimia 10 ya bei mnayodaiwa pale ofisi ya serikali ya mtaa mkienda kusainiana, ombeni kwanza namba ya malipo ya serikali. Mimi nilipoiomba, mazungumzo ya asilimia 10 yaliisha.

Dada wa Mbezi
Jamani, ridhaa ya mwenza! Muuzaji alisema ameshaachana na mkewe, lakini talaka ya mahakama hana. Mwanasheria wangu akagoma kuandaa mkataba. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mama mwenyewe tulimpata, akaja na watoto, akasaini mbele ya wakili na picha yake ikabandikwa. Siku ile nililala usingizi.

Mleta mada
Ahsanteni sana, hii ya mirathi imenifungua macho, maana nyumba moja niliyoiona Kimara ni ya marehemu. Swali la kodi: asilimia 10 ya faida ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 nimeambiwa ni wangu. Muuzaji anataka nibebe yote ndipo apunguze bei. Kuna aliyekubaliana hivyo, na mkataba wenu uliandikwaje?