Mjadala: Kiwanja cha jirani kikigeuzwa biashara, nani aamue, na hela ibaki wapi?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naomba hili tulijadili bila kuingiza vyama.

Mwaka jana mtaani kwetu, hapa hapa Dar es Salaam, ilibandikwa karatasi kwenye ukuta wa nyumba ya kona, upande wa uchochoro anakopita mtu mwenye kwenda kumwaga taka. Mimi niliiona kwa sababu ya mwanangu wa darasa la kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza anajua kusoma, basi anasoma kila chenye herufi, mpaka mifuko ya saruji. Akaniuliza, "Mama, kusudio ni nini?" Ilikuwa imeandikwa: kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Mvua ya kwanza wino ukachuruzika, ya pili karatasi ikaondoka na mtaro.

Tulipouliza tukaambiwa ni fremu mbili tatu tu, duka la dawa na saluni. Nani atakataa duka la dawa? Leo pale pana baa ya ghorofa moja, spika zimetazama barabarani. Ikifika Ijumaa usiku glasi zinacheza kabatini kwangu. Maji machafu yao yanaingia kwenye mtaro ule ule wa mtaa, ambao tumeuandika kwenye vipaumbele vyetu bajeti tatu mfululizo na mpaka leo haujamwagiwa hata toroli moja la zege.

Sina ugomvi na wanywaji, wanywe. Nina mambo mawili. Kwanza, hilo neno "makazi na biashara" ni gunia, ndani yake unaweza kuweka duka la dawa au disko. Pili, leseni ya biashara, leseni ya vileo na ushuru wa huduma vyote vinakwenda halmashauri, sisi tunabaki na kelele na mtaro. Napendekeza mkutano wa mtaa upige kura kabla ombi halijafika kamati ya mipangomiji, na sehemu ya pato la kiwanja kile irudi mtaani kilipo. Karibuni.

Mchangiaji wa 2

Rudi kijijini dada. Kule kelele ni za majogoo tu, na hayana leseni.

Mzaliwa wa Kariakoo

Dada mleta mada, pole kwa kukosa usingizi, lakini kura hiyo ingetumaliza sisi. Nimezaliwa Kariakoo kwenye nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Marehemu baba ameacha watoto wanane na nyumba hiyo hiyo moja. Tungegawana nini, milango? Tukaingia ubia na mwenye mtaji. Yeye kajenga, sisi tumepata ghorofa mbili na fremu tatu za chini. Leo kila ndugu ana chake na hakuna aliyempeleka mwenzake mahakamani, ambalo kwa mirathi ya Kariakoo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Sasa mngeitisha mkutano wa mtaa wakati ule, wapangaji wa jirani wangekataa, na ningewaelewa, maana kodi za vyumba zilikuwa zinapanda. Lakini kiwanja ni chetu. Jirani hajawahi kunisaidia kulipa kodi ya ardhi hata mwaka mmoja.

Fundi wa ujenzi

"Kiwanja ni chetu" inaishia pale ukuta wako unapoegemea kwa mwenzako. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa limeshuka hapo hapo Kariakoo mchana kweupe, watu wamefukiwa wakiwa wananunua na kuuza. Machi 2013 lilianguka lile la mtaa wa Indira Gandhi, wakafa watu 36. Mpita njia hana hisa kwenye ubia wako ndugu yangu, ila likianguka yumo. Mimi niko saiti kila siku, nawaambia wakaguzi wanaokuja wanatazama kibali, wachache sana wanaotazama nondo.

Mzaliwa wa Kariakoo

Hapo fundi sikupingi. Ila ukaguzi wa nondo ni kazi ya mhandisi, haipigiwi kura na majirani.

Diwani mstaafu

Nimekaa kwenye baraza la madiwani miaka mitano, sitaji wapi. Niwaeleze linavyokwenda.

Ombi linaanzia kwa afisa mipangomiji, linapita kwenye kata, linakuja kamati ya mipangomiji na mazingira. Kabrasha tulikuwa tunaletewa jioni ya kuamkia kikao, nene kama kitabu cha simu cha zamani. Ombi la kubadili matumizi humo ndani ni mstari mmoja kwenye jedwali: namba ya kiwanja, kitalu, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, na mwisho maoni ya mtaalamu, "yakubaliwe". Mimi kiwanja namba fulani kitalu fulani nitajuaje kuwa ndiyo nyumba ya kona kwa mama nani? Mwenyekiti anasoma, tunasema tumepitisha. Tunamaliza ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Siku posho zilipochelewa ndiyo nilishuhudia mjadala wa kina.

Lakini msiseme halmashauri ina tamaa bila kutaja ilivyonyang'anywa. Kodi ya majengo ilikuwa yetu. Mwaka 2016 ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, na Julai 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba ya chini ya Masaki yenye bustani na mlinzi, na banda la Mbagala lenye bati za kuazima, zote zilikuwa buku. Halmashauri zikaachiwa kijisehemu. Ushuru wa maegesho nao ukaenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sasa hesabuni wenyewe. Nyumba anayolala mtu haiingizii halmashauri karibu chochote. Ikigeuka baa, kuna leseni, kuna ya vileo, kuna ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Mkurugenzi ana lengo la makusanyo ukutani na anapigiwa simu kila mwezi. Mngekuwa nyie mngechagua kipi?

Na mkurugenzi huyo hamkumchagua. Anateuliwa na Rais. Meya tunamchagua sisi madiwani, anavaa joho, lakini afisa masuuli, yaani mwenye kuidhinisha matumizi, ni mkurugenzi. Mkitaka kugombana na mtu kuhusu fedha, gombaneni na mwenye kalamu.

Dada, ushauri mmoja. Kwetu ombi lilikuwa halifiki mezani bila muhtasari wa kikao cha mtaa. Nenda kauombe.

Mchoma mishkaki

Naona mnaongea hati na vitalu. Mimi sina hata kimoja, nimepanga chumba.

Oktoba 2021 niliondolewa barabarani pamoja na wenzangu. Kwenye ukuta wangu hakuja mtu kubandika kusudio, lilipita gari la matangazo. Nikapelekwa soko ambalo mteja wake wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe. Leo nachoma mishkaki mlangoni mwa baa, baa kama hiyo ya mleta mada. Ndiyo inanisomeshea watoto wawili.

Swali langu kwa dada: siku ya kura, mpangaji ataitwa? Maana mikutano ya mtaa naijua. Viti vya mbele wamekaa wenye nyumba. Wakishamaliza kuikataa baa, kinachofuata ni "na yule mama anayetujazia moshi". Mtanipigia na mimi kura.

Mchangiaji wa 2

Mama umeongea. Mimi nafuta utani wangu wa majogoo.

Mtanzania wa Nairobi

Kwa majirani huku Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, imeandikwa kabisa. Watu wa Kilimani na Kileleshwa wana mawakili, wanafungua kesi, na ghorofa bado zinapanda kama uyoga. Haki ya kusikilizwa ni nzuri, ila haizuii zege peke yake.

Mpangamiji

Niseme nikiwa mtu wa fani, na nitawaudhi wote.

Jiji hili limekwenda na mpango kabambe wa mwaka 1979 kwa zaidi ya miaka 30. Mtoto amekuwa babu, bado amevalishwa kaptula ya shule. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma, familia moja nyumba moja. Mpango usipobadilika na mji ukabadilika, kila kiwanja kinaomba ruhusa yake peke yake. Hapo ndipo biashara ya ruhusa inapozaliwa. Kama mpango ungesema tangu mwanzo kwamba barabara kubwa ni biashara na ndani ni makazi, mama wa mishkaki angejua pa kuweka jiko na dada angejua pa kulala.

Halafu serikali yenyewe ni mvunjaji. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa alama ya X nyekundu zikabomolewa, sababu ni hatari ya mafuriko, na ni kweli ni hatari. Na karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa wapi? Jangwani, bonde lile lile. Mvua zikija mabasi yalikuwa yanahamishwa. Utamwambia nini mwananchi kuhusu kuheshimu ramani?

Kura ya mtaa siiungi mkono. Mwenye baa atapika pilau la ng'ombe mzima, na soda juu, atashinda kwa asilimia 90. Ninachounga mkono ni hilo la gunia. Kibali kitaje biashara yenyewe. Duka la dawa likitaka kuwa baa, liombe upya.

Mkazi wa Temeke

Kuhusu kurudisha hela mtaani, mimi nina wasiwasi. Mnakumbuka Machinga Complex pale Ilala? Ulikuwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jengo zuri, na vizimba vikakaa vitupu miaka huku deni linakua. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu? Nia njema kabisa, ikabidi isimamishwe 2023 na kurudishwa 2024 kwa utaratibu mwingine, kwa sababu marejesho yalikuwa hayaonekani. Kama halmashauri yenye wahasibu inashindwa, hela hiyo mtaani atashika nani? Mwenyekiti kwenye daftari la mkono?

Na ukirudisha kwa mtaa wenye baa, mtaa usio na baa utapata nini? Sisi huku wengine mapato yetu ni vumbi tu.

Diwani mstaafu

Mdogo wangu wa Temeke, hapo kwenye mtaa usio na baa umegusa donda. Ndiyo maana lilivunjwa Jiji la zamani, tarehe 24 Februari 2021, Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Sababu iliyotolewa ni kwamba Jiji lilikuwa linakula michango ya manispaa bila kuwa na watu wake. Wazee mtakumbuka hata kabla, 1996, halmashauri ya jiji ilivunjwa ikaja Tume ya Keenja mpaka 2000. Kila baada ya muda tunavunja chungu, supu inabaki ile ile. Ila Kariakoo ikabaki ndani ya Ilala na pato lake. Anayeishi Mbagala anakwenda kununua Kariakoo kila siku, ushuru wake unalala Ilala, usiku anarudi kwenye mtaro wa Temeke.

Mimi ningesema hivi: hela isigawiwe mtaani taslimu. Halmashauri ilazimike kuonyesha kata hii imeingiza kiasi gani na imetumiwa kiasi gani, kata kwa kata, ubaoni. Karatasi za mapato na matumizi zipo, ila zimejumlishwa mpaka hazisomeki.

Mleta mada

Nimesoma yote. Mama wa mishkaki umenigusa, sikuwa nimekuwaza na ninakuomba radhi. Kura naiondoa, au tuseme naiweka pembeni, maana kwa kweli kwenye mkutano wa mwisho nilioenda sisi tuliokuwa tumekaa mbele tulikuwa wenye nyumba watupu. Ndugu wa Kariakoo, kiwanja chako sikigusi. Gunia ndiyo siliachi, na kata kwa kata ubaoni nimeipenda kuliko pendekezo langu.

Sasa sikilizeni. Mheshimiwa diwani alinishauri nikaombe muhtasari. Nimekwenda leo ofisi ya mtaa. Mara ya kwanza mhusika yuko msibani, mara ya pili kabati limefungwa na ufunguo uko kwa mtu. Nikakaa kwenye benchi na mfuko wangu wa nyanya mpaka saa nane. Nikapewa.

Kikao kipo. Kimehudhuriwa na wakazi 41, wote "wameridhia kwa kauli moja". Namba 17 kwenye orodha ya mahudhurio ni jina langu kamili, na sahihi. Tarehe hiyo mimi nilikuwa Tanga, nimemzika shangazi, tiketi ya basi ninayo. Na sahihi yenyewe nzuri kuliko yangu.

Fundi wa ujenzi

Umeipiga picha?

Mleta mada

Waliniambia simu hairuhusiwi. Nimenakili majina 12 nyuma ya risiti ya nyanya kabla hawajaichukua orodha. Watatu nawajua, mmoja alishafariki kabla ya kikao. Kesho asubuhi naanza na hao wawili waliobaki.

Diwani mstaafu

Usiende peke yako. Mchukue mtu mzima wa mtaa, na uandike barua ya kuomba nakala, wagonge muhuri wa kupokea. Muhuri wa tarehe, dada, usitoke bila huo.