Kumvizia mnyama kwa kamera: nguo za kaboni, ozoni, sabuni au upepo?

Kamera ya Tudor
Assalamu alaikum wanachama. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikienda shambani kwa shemeji yangu huko Kwale, upande wa mashariki wa msitu wa Shimba, ambako pongo na funo hutoka asubuhi kula majani, na kila mara nikiwa nimebakiza hatua thelathini hivi hunigundua. Jumamosi iliyopita pongo dume alisimama, akainua pua, akapiga kwato chini, akabweka mara moja kama mbwa mzee mwenye kikohozi, kisha akazama kichakani. Binamu yangu aliyeko Pennsylvania, ambaye huwinda ayala wa mkia mweupe kwa leseni, anasifu nguo zenye kaboni ya kunasa harufu ya mtu. Rafiki yake anasifu mashine ya ozoni, gesi inayoondoa harufu nguoni. Wa tatu anasema sabuni isiyo na manukato yatosha. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na silaha yangu ni lenzi tu, lakini pua ya mnyama haijui tofauti hiyo. Kipi kinafaa pwani?

Mwalimu wa Sayansi
Ndugu, usitoe fedha kwanza. Jasho likitoka halina harufu kubwa. Bakteria walio ngozini, hasa kwapani, ndio wanaolivunja na kuleta harufu, na kwa sababu hiyo kuoga vizuri na kuvaa shati safi kuna faida ya kweli, ingawa hudumu kwa saa chache tu katika joto letu. Kaboni hunasa harufu katika vitundu vyake vidogo, na vitundu vikijaa, kazi imekwisha. Viwandani kaboni huhuishwa kwa joto linalokaribia nyuzi 800, joto ambalo mashine ya nyumbani ya kukaushia nguo haiwezi kulifikia. Isitoshe, mvuke wa maji hugombea vitundu hivyo hivyo, na sisi Mombasa tunaishi ndani ya mvuke. Tena kuna pumzi yako, ambayo hakuna shati linaloizuia.

Ozoni huvunja harufu, sikatai, lakini hudhuru mapafu ukiivuta, na hupasua mpira. Ukiwa na gambuti, usiziweke kwenye mashine ya ozoni.

Mrudi wa Kisauni
Niliishi Marekani miaka tisa na niliwahi kufuatana na wawindaji wa ayala. Wengi wao hujipaka harufu ya kufunika: mkojo wa mbweha, udongo, majani ya msonobari. Baadhi ya majimbo yamezuia mkojo wa ayala wenyewe kwa kuhofia kueneza ugonjwa unaokondesha wanyama hao hadi kufa. Sikuona kwamba kufunika kunasaidia sana, kwa maana mnyama hunusa mbweha na mtu kwa pamoja, kila mmoja kwa harufu yake. Kitu kimoja tu nilichokubali ni gambuti za mpira, ambazo huacha harufu kidogo njiani kuliko viatu vya ngozi. Hapa mtu atakwambia ujipake mavi ya ndovu. Mwache ajipake yeye.

Nahodha Mstaafu
Mwanangu, wote waliotangulia wamesema kweli, lakini hakuna aliyekuuliza ulikaa upande gani wa upepo. Alfajiri huvuma umande, yaani upepo wa bara unaotoka magharibi kuelekea baharini, nao ni mwepesi. Jua likishapanda, upepo wa bahari huingia na kugeuza mambo yote, hasa msimu wa kusi. Juu ya vilima kuna jambo jingine: usiku hewa baridi hutambaa ikishuka bondeni, na mteremko ukipata jua, hewa hupanda. Shamba likiwa mashariki ya msitu, basi alfajiri harufu ya pongo inakujia wewe, na kufikia saa nne harufu yako inamwendea yeye.

Chukua majivu yaliyochekechwa, uyafunge katika kitambaa chepesi, ukitikise kila baada ya dakika chache na utazame vumbi linakokwenda. Usitumie poda ya mtoto, kwani nayo inanukia. Je, huwa unafika saa ngapi?

Kamera ya Tudor
Shikamoo Nahodha. Foleni ya feri ya Likoni hunichelewesha, kwa hiyo sijawahi kufika kabla ya saa tatu na nusu.

Bi Kibokoni
Nami nina swali. Hizo nguo unazovaa zinawekwa wapi?

Kamera ya Tudor
Katika sanduku la mke wangu, Bi. Nimekwenda kulifungua sasa hivi. Shati langu la kijani limekunjwa chini ya kanga zake zilizofukizwa udi, na mfukoni nimekuta asumini iliyokauka, labda ya kikuba cha arusi ya mwezi jana.

Bi Kibokoni
Pongo amekusikia tangu ukiwa Matuga, baba. Lifue shati hilo kwa sabuni isiyo na manukato, ulianike juani, kisha ulitie katika mfuko wa plastiki ulifunge, wala usilivae mpaka umefika shambani.

Mrudi wa Kisauni
Na kuhusu feri, pitia barabara ya Dongo Kundu, uondoke saa kumi usiku. Fedha za nguo za kaboni zitakutosha mafuta ya safari kadhaa, na zitabaki za gambuti.

Kamera ya Tudor
Nimekubali. Jumamosi nitakuwa nimekaa kabla ya saa kumi na mbili, majivu mkononi, na saa tatu nitaondoka hata kama pongo yuko mbele yangu.