Naomba ushauri: nikichimbe vipi kisa cha Roswell?

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa kipindi cha redio cha nusu saa kuhusu Roswell, kule New Mexico, Marekani, ambako wengine huamini chombo cha viumbe wa angani kilianguka, na nimekwama.

Tarehe 8 Julai 1947 jeshi lenyewe lilitangaza kuwa limepata "kisahani kinachoruka". Saa chache baadaye Jenerali Ramey, akiwa Fort Worth, akasema ni puto la hali ya hewa. Ipo picha yake amepiga goti ofisini, mbele yake vijiti na karatasi za kung'aa zilizochanika. Nimeikuza kwenye kompyuta mpaka macho yakauma.

Mwaka 1994 Jeshi la Anga likaeleza kuwa yaelekea mabaki yale yalitoka Mogul, mradi wa siri wa maputo ya kunasa sauti za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Kwa hiyo siri ilikuwepo kweli, ila si lazima iwe ya viumbe wa angani. Mimi naegemea hapo. Kinachoninyima usingizi ni ripoti ya wakaguzi wa Bunge ya 1995: jumbe zilizotumwa kutoka kambi ya jeshi ya Roswell miaka ile ya arobaini ziliharibiwa, na fomu haionyeshi sawasawa ni kwa mamlaka gani.

Hilo nilisemeje hewani bila kumpandikizia msikilizaji dhana? Na Meja Marcel, afisa wa kambi hiyo aliyeyaokota mabaki kwa mikono yake lakini akaanza kusimulia hadharani mwaka 1978, nimpe uzito gani?

Pia, sheria yao ya uhuru wa habari inamruhusu hata mgeni kuomba nyaraka. Aliyewahi kuomba, tafadhali anielekeze namna ya kuandika ombi lisirudishwe.