Magazeti ya Ghana hayahitaji leseni: je, uhuru huo umeyapa nguvu?

Mwanagenzi wa Habari

Ndugu wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Ninaandaa mada ya darasani kuhusu sheria za vyombo vya habari, na Ghana imenitatiza. Ibara ya 162 ya Katiba yao ya mwaka 1992 inapiga marufuku sheria yoyote itakayomlazimu mtu kupata leseni kabla ya kuanzisha au kuendesha gazeti. Kwa sisi Watanzania, ambao gazeti letu haliwezi kutoka bila leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, jambo hilo linashangaza. Hata hivyo, Waghana ninaowafahamu huniambia kwamba magazeti hawayanunui, huyasikiliza redioni. Naomba kueleweshwa mambo mawili: ni nini kiliwafanya waliweke katazo hilo ndani ya Katiba yenyewe, na je, magazeti yamenufaika nalo?

Mzee wa Maktaba

Marahaba, mwanangu. Jibu la swali lako la kwanza limo katika historia, na historia hiyo ina kinaya chake. Mwaka 1936, wakati nchi hiyo ingali koloni la Gold Coast, Nnamdi Azikiwe, Mnigeria aliyekuwa mhariri wa African Morning Post mjini Accra, alitiwa hatiani kwa uchochezi kwa sababu ya makala ya I.T.A. Wallace-Johnson, kabla ya mahakama ya rufaa kumwondolea hatia mwaka uliofuata. Kwame Nkrumah naye alipoanzisha Accra Evening News mwaka 1948, gazeti hilo liliwasha moto wa kudai uhuru, na wakoloni walilichukia. Lakini mtu huyohuyo alipokuwa rais, gazeti la Ashanti Pioneer la Kumasi, lililokuwa likiikosoa serikali yake, liliwekewa mkaguzi wa kuzipitia habari kabla hazijachapishwa, na hatimaye likafungwa mwaka 1962.

Utawala wa kijeshi wa Jerry Rawlings ulifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1985 gazeti la Kanisa Katoliki, Catholic Standard, lilinyang'anywa leseni, na mwaka 1989 ikatungwa sheria iliyoyataka magazeti yote yajiandikishe upya, ambayo kwa vitendo ilikuwa chekecheo la kuyaondoa yasiyotakiwa. Kwa hiyo walioandika Katiba ya 1992 hawakuwa wakiota ndoto ya nadharia. Walikuwa wakiufunga mlango walioona kwa macho yao watu wakipitishiwa.

Jambo moja ulizingatie katika mada yako: kutokuwa na leseni si kutokuwa na usajili. Ibara ya 167 inairuhusu Tume ya Taifa ya Vyombo vya Habari kutunga kanuni za kuyasajili magazeti, ila kwa sharti kwamba kanuni hizo zisielekeze wala kudhibiti kazi ya kitaaluma ya mwandishi. Msajili anapokea jina lako. Hana mamlaka ya kukukatalia kwa sababu ya unayoyaandika.

Wakili wa Mwambao

Namuunga mkono Mzee, lakini nisingependa mleta mada aishie kwenye Katiba. Kwa takriban miaka tisa baada ya Katiba hiyo kuanza kutumika, kashfa iliendelea kuwa kosa la jinai, kwa maana kwamba mhariri hakuhitaji leseni ya kuchapisha lakini aliweza kufungwa kwa alichochapisha. Ni mwaka 2001, chini ya Rais John Kufuor, ndipo Bunge lilipofuta makosa ya jinai ya kashfa na uchochezi, na tangu hapo aliyekashifiwa hufungua kesi ya madai.

Hata baada ya hapo, kifungu cha 208 cha sheria ya makosa ya jinai, kinachohusu kuchapisha habari za uongo zenye kuleta hofu, kilibaki, na mwaka 2022 polisi walikitumia dhidi ya waandishi na watangazaji. Katika orodha ya uhuru wa vyombo vya habari duniani inayotolewa na shirika la Waandishi Wasio na Mipaka, Ghana ilishuka mwaka huo kutoka nafasi ya 30 hadi ya 60.

Muuza Magazeti Mstaafu

Mimi si mwanasheria, lakini biashara ya magazeti naifahamu. Gazeti haliishi kwa Katiba, huishi kwa matangazo. Daily Graphic, lililoanzishwa mwaka 1950 na kampuni ya Daily Mirror ya London na baadaye likawa mali ya taifa, ndilo linalopelekewa zabuni, nafasi za kazi na matangazo ya misiba, ambayo Ghana ni biashara kubwa kwelikweli. Gazeti binafsi linaloanza na kurasa chache litashindana vipi na hilo?

Halafu magazeti hayo ni ya Kiingereza. Asubuhi mtangazaji wa redio huyafungua moja baada ya jingine, akaieleza habari kwa Kiakan, akaitia chumvi yake, na wasikilizaji wakapiga simu kuijadili. Aliyeisikia hivyo akiwa kwenye daladala, ambayo wao huiita trotro, ananunua gazeti la nini tena?

Mwanagenzi wa Habari

Nashukuruni sana wakubwa wangu. Je, hiyo redio inayoyasoma magazeti nayo haihitaji leseni?

Wakili wa Mwambao

Hapo umegusa penyewe. Ibara ya 162 inataja magazeti pamoja na vyombo vingine vya mawasiliano ya umma, na kwa hoja hiyo Radio Eye ilianza kurusha matangazo mjini Accra mwaka 1994 bila kuomba ruhusa. Serikali ilichukua mitambo yake. Tangu 1995 vituo binafsi vimeruhusiwa, lakini kwa idhini ya masafa kutoka Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano, na Mei 2019 mamlaka hiyo ilivifunga Radio Gold na Radio XYZ, vyote vikihesabiwa kuwa upande wa upinzani, kwa hoja kwamba idhini zao zilikuwa zimekwisha muda. Maana yake ni kwamba habari iliyochapishwa bila leseni ya mtu yeyote huwafikia Waghana wengi kupitia chombo kinachoweza kuzimwa kwa karatasi ya idhini. Ningekuwa wewe, ningeijenga mada nzima juu ya hapo, nikaanza na kesi ya Radio Eye.