Mama ana presha na magoti yamesagika, ameze dawa gani?

Kifungua_Mimba:
Wakuu, naombeni ushauri. Mama ana miaka 63, presha anaitibu kwa losatani na hidroklorothiazidi. Eksirei imeonyesha magoti yote mawili yamesagika. Kuinuka kwenye kiti ni mpaka ashike meza kwa mikono miwili. Anameza diklofenaki kila siku. Maumivu yanatulia, ila presha imeanza kupanda na vifundo vya miguu vinavimba. Nimwachishe? Naumia sana kumwona hivi.

Muuguzi_wa_Zamu:
Pole sana mdogo wangu. Diklofenaki ya kumeza aiache leo, kisha apelekwe akapimwe presha na figo bila kuchelewa. Ikikutana na hizo mbili za presha, figo zinaelemewa, na inapunguza nguvu ya dawa za presha zenyewe. Usimbadilishie ibuprofeni, ni ukoo uleule. Za presha asiache! Akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu, hospitali saa hiyohiyo.

Dada_Famasia:
Mwulize daktari kuhusu jeli ya diklofenaki. Kwa goti mimi naanzia hapo, maana inayoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko ya kidonge. Wengi wanapaka kidogo mno halafu wanasema haifai. Ile ya asilimia 1 kipimo chake ni gramu 4 kwa kila goti, hadi mara 4 kwa siku. Ila figo zikionekana zimeguswa, asipake mpaka daktari aruhusu.

Mzee_wa_Fimbo:
Mwanangu, mimi nilichomwa sindano ya steroidi gotini. Nafuu niliipata, ikadumu wiki kadhaa tu. Kama mama ana kisukari amwambie daktari kabla, sukari hupanda. Glukosamini, ile virutubisho vya viungo, msihangaike nayo, hata mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza ya miongozo ya tiba, unasema isitolewe. Hakuna dawa inayorudisha gegedu (ule utando laini kwenye ncha za mifupa ya goti) iliyolika. Mazoezi ya kukaza misuli ya paja ndiyo yaliyonisimamisha.

Kifungua_Mimba:
Shikamoo mzee, asante. Asanteni wote. Parasetamoli je?

Muuguzi_wa_Zamu:
Kwa goti husaidia kidogo tu. Anaweza kuishikilia siku hizi mbili tatu kama ini lake ni zima, isizidi gramu 4 kwa siku, na akiwa na mwili mdogo iwe pungufu ya hapo. Mkienda bebeni dawa zake zote, hata za mafua. Nyingine zina ibuprofeni au parasetamoli ndani.